Kiti cha Dirishani

Watu wakiona kibao chetu mlangoni huuliza mambo mawili. La kwanza, kama tunashughulikia viza za kwenda Austria. La pili, wakishaambiwa hatushughulikii, huuliza sasa kazi yetu nini. Nimechoka kuwajibu kwa upole. Sisi ni Jumuiya ya Uchumi wa Kiaustria. Tunakutana kila Jumamosi alasiri ghorofani, juu ya duka la vioo, tunasoma, tunabishana, tunatoa jarida ambalo mhariri wake ni mimi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko Austria. Ndiko walikotoka wazee wa kwanza wa fikra hizi, basi. Anayetaka kujua zaidi apande ngazi.

Fikra zenyewe si ngumu, ingawa shemeji yangu huzifanya ngumu kila akipewa nafasi. Thamani ya kitu imo ndani ya mtu anayekitaka. Bei ni mapatano ya wanaonunua na wanaouza, kila mmoja akijua shida zake, na hakuna afisa, awe na akili kiasi gani, anayeweza kukaa ofisini akazijua shida za wote. Na pesa ikiongezwa hovyo, anayefaidi ni yule aliyeishika kwanza. Wengine huikuta bei imeshapanda. Ndiyo hayo tu. Kwa hayo tumeitwa vichaa, tumeitwa vibaraka wa matajiri, na gazeti moja liliwahi kutuita dhehebu. Ukurasa ule nimeubandika ukutani, karibu na swichi ya taa, ili kila anayewasha taa ausome.

Aliyeanzisha chama ni Mjomba wetu, kaka wa mama. Alikuwa mhasibu wa kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa aliondoka na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitaka: vifungo vya koti. Vyeusi, vizito, vya pembe, matundu manne, na nyuma nembo ya kiwanda imechongwa ndogo kama punje ya mchele. Vifungo vile havitengenezwi tena popote. Kwa sababu hiyo Mjomba akavifanya pesa ya chama.

Msicheke kwanza. Mjomba aliamini kwamba vyama vinauawa na maneno ya bure. Kwa hiyo kwetu maneno yananunuliwa. Kila mwanachama akijiunga hupewa vifungo vyake. Hoja ikiletwa mezani, kuna zamu tatu tu za kuisemea kabla ya kura, na kila zamu inapigwa mnada. Mwenye vifungo vingi na nia ya kweli anasimama na kusema, wengine wanafunga midomo, na hakuna wa kumkatiza, hata mwenyekiti. Mpiga mnada wetu ni Daktari wa meno, mama mmoja mwenye sauti ya kuamuru watu wafumbue vinywa, na kipimo chake ni kikombe cha chai kilichovunjika mkono. Zamu ya kawaida ilikuwa inakwenda kwa nusu kikombe. Hoja ya moto, kikombe kizima. Vinavyolipwa huingia kwenye mtungi, na mwisho wa mwaka mtungi unagawanywa sawasawa.

Viti navyo vina mnada, mara moja kwa mwaka. Chumba chetu kina dirisha moja na kiti kimoja cha mikono, na hivyo viwili viko pamoja. Hapo ndipo alipokuwa akikaa Mjomba. Tangu azikwe, kiti kile nakinunua mimi, kila mwaka, kwa bei ya kuumiza, kwa sababu Hakimu mstaafu anakitaka pia. Mzee Hakimu kifua kinambana, anahitaji upepo. Ila nadhani anahitaji zaidi kuniona nikikunja uso. Kila mwaka ananipandishia bei, kila mwaka namshinda, na kila mwaka anarudi kwenye benchi lake la ukutani akihema na kusema nitamzika.

Ni yeye aliyenibandika jina la Kibubu. Ukiacha kile kiti, sikuwa natumia vifungo vyangu. Vinaingia, havitoki. Miaka ilipita sijanunua hata zamu moja. Watu walidhani sina la kusema. Mimi, niliyekuwa nahariri makala zao na kuwafutia upuuzi wao kwa kalamu nyekundu! Nilikuwa nayo ya kusema hadi koo linawasha, lakini nilikuwa naweka akiba. Nilijua kuna siku litakuja jambo kubwa, na siku hiyo sitaki kubanwa na mtu.

Jambo likaja, na lililetwa na shemeji yangu.

Shemeji ndiye mwenyekiti. Tunamwita Profesa, na yeye analipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Ni mume wa dada yangu, dada aliyenilea, aliyenisuka nywele na kunipiga makofi kwa zamu mama alipokuwa mgonjwa. Sasa halmashauri ilikuwa inataka kupanga bei ya mkate. Wenye matanuri walinung'unika, na kabla hata sheria haijapita mikate ilikuwa imeshaanza kupungua uzito: umbo lile lile, ndani hewa tupu. Afisa Biashara wa halmashauri akapata wazo. Akamwendea Profesa. Akamwambia, nyinyi mnajulikana mji mzima kwa kupinga bei za kupangwa. Mkitia muhuri wenu kwenye waraka wetu, nani atabaki wa kubisha? Tutasema hata wale wabishi wamekubali. Na sisi tutawapa ukumbi. Ukumbi wenye jukwaa, viti vya sponji na jina la mwenyekiti mlangoni.

Profesa alituletea habari hiyo kama bwana harusi. Alisema hoja itajadiliwa Jumamosi ya pili yake. Alisema wakati umebadilika, lazima tuwe na uhalisia, na akamaliza kwa maneno ya Kijerumani ambayo najua hakuna aliyeyaelewa, kwa kuwa na yeye hayaelewi. Mimi nikajikausha. Moyoni nilikuwa nacheka. Nilikuwa na mfuko wa kitambaa wenye vikombe vitano vya vifungo. Ningeweza kuzinunua zamu zote tatu, na chenji ikabaki.

Halafu akasema, "Na kwa kuwa hili ni jambo zito, chama kimepata bahati. Msamaria mmoja ametuongezea vifungo. Kila mwanachama atapata mfuko. Tuchangamshe mjadala!"

Nikaangalia huku na huku nione nani atasimama kupinga. Hawa ni watu wanaotokwa na povu wakisikia serikali imechapa noti. Matairi, yule muuza matairi rafiki wa Profesa, aliwahi kuandika makala ya ukurasa mzima kuhusu mfalme aliyechanganya shaba kwenye dhahabu. Walipiga makofi! Wasomi wa uchumi wa Kiaustria, wamegawiwa pesa ya hewani, wakapiga makofi na kutikisa mifuko yao wasikie inavyolia. Daktari wa meno pekee alinitazama, akainua nyusi, akaendelea kugawa.

Mfuko wangu wa zawadi niliukataa, lakini niligeuza kifungo kimoja. Nembo ndogo, ile ile. Vilikuwa vya kweli kabisa. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu, maana vya bandia ningevipigia kelele.

Katikati ya wiki Dada akaniita kwake. Nilimkuta anakunja nguo, na jinsi alivyokuwa anazipigapiga mashuka nikajua nimeitiwa kesi.

"Nasikia unataka kumpinga shemeji yako," akasema.

"Umesikia wapi? Sijafungua mdomo."

"Ndiyo maana nasikia. Wewe ukinyamaza ndiyo una jambo. Mdogo wangu, mume wangu ameutafuta ukumbi huo miaka. Amebadilika siku hizi, ana furaha, anaimba bafuni. Hata chini ya kitanda amefagia mwenyewe majuzi. Mume gani anafanya hivyo?"

"Dada, anauza neno la Mjomba."

"Mjomba amekufa. Mimi naishi na huyu." Akaweka shuka chini. Macho yalikuwa yamemlowa, na mimi sijawahi kuyastahimili macho ya Dada yakilowa. "Kapingane naye jikoni kwangu, mtupiane vijiko, nitacheka. Lakini ukisimama kumwaibisha mbele za watu, mbele ya yule afisa, usinikanyagie kizingiti. Nimesema."

Niliondoka bila kunywa chai. Njiani nilijiambia nitanyamaza. Nilijiambia mkate ni mkate tu, utapanda, utashuka, dada ni mmoja. Niliyasema hayo hadi nilipofika kwangu, nikafungua kabati, nikaushika mfuko wangu, na hasira ikanipanda upya. Nilikuwa nimefunga mdomo miaka yote ile kwa ajili ya siku moja, na siku yenyewe ndiyo hii. Nikiikwepa, akiba yangu ilikuwa ya nini?

Jumamosi chumba kilijaa. Afisa Biashara alikalishwa mbele na faili lake kwenye mapaja. Dada naye alikuja, mara yake ya kwanza kupanda zile ngazi. Profesa alitaka mke wake ashuhudie. Alikaa benchi la wageni, mkoba magotini, akanikata jicho moja la kunikumbusha. Mimi nilikuwa kitini kwangu, dirishani, mfuko miguuni.

Profesa akasoma hoja. Daktari wa meno akagonga meza na kikombe. "Zamu ya kwanza! Nani anafungua?"

"Vikombe vitatu," akasema Matairi.

Watu wakacheka kwa mshangao, kisha wakaacha kucheka, maana mtu mwingine alishasema vinne. Nikasema vitano. Vyote nilivyokuwa navyo, kwa zamu moja. Matairi hakunitazama hata usoni. Akasema saba, akamimina, na vifungo vikabingirika mezani hadi kwenye viatu vya Afisa. Kumbe marafiki wa Profesa walipewa mifuko yao mapema, na mikubwa, na walikuwa wamekusanya pamoja. Matairi akasimama akaisifu hoja. Alisema mengi kuhusu wanyonge, yeye ambaye wanyonge wakiomba punguzo la tairi huwaambia watembee.

Zamu ya pili ilikwenda kwa vikombe tisa. Alinunua rafiki mwingine wa Profesa, yule anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Akasifu ukumbi. Mimi nilikaa na mfuko wangu miguuni. Kabati langu halikuvunjwa. Hakuna kifungo hata kimoja kilichopotea. Na bado nilikuwa nimeibiwa miaka yangu yote, mchana kweupe, na watu waliosoma vitabu vile vile nilivyosoma mimi.

"Zamu ya tatu na ya mwisho!"

Nikasema vitano. Sauti ilitoka ndogo. Marafiki wa Profesa walikuwa wamekwisha kauka, nikaanza kupata matumaini. Ndipo Mzee Hakimu alipojikohoza kwenye benchi lake.

"Vyangu vyote," akasema, akainua mfuko aliogawiwa na wake wa zamani. Daktari akapima. Sita na kidogo. Akagonga meza, na zamu ikawa ya Hakimu.

Profesa alitabasamu. Hakimu hakuwa adui wa mtu. Angesema hadithi mbili za mahakamani, akakaa, tukapiga kura. Mzee akasimama, akashika ukuta, akahema.

Sikufikiri. Nikasimama na mimi. "Mheshimiwa, zamu hiyo niuzie."

"Kwa bei gani?"

"Kwa vifungo vyangu vyote."

"Mama, nimevitoa mfukoni kwa kuwa vinanivua suruali. Halafu unirudishie vingine? Hivyo hata bure sivitaki." Alinitazama kwa yale macho yake ya kuvizia. "Una kitu kingine?"

Nilijua anachokitaka. Chumba kizima kilijua. Niliweka mkono kwenye kile kiti, pale ambapo mbao imelainika kwa kiwiko cha Mjomba na baadaye changu. Kile kiti nimekikalia nikiwa na homa. Nimekikalia siku ya tatu baada ya mazishi, chumba kikiwa kitupu, nikalia hadi mwenye duka la vioo akapanda kuuliza kama kuna maji yanavuja.

"Kiti hiki," nikasema. "Cha kwako moja kwa moja. Sitakigombea tena."

"Na mto wake?"

"Na mto wake."

"Tumekubaliana," akasema Hakimu.

Profesa akaruka. "Haiwezekani! Zamu inanunuliwa kwa vifungo. Kanuni hazisemi zamu ibadilishwe kwa kiti!"

"Hazikatazi," akasema Hakimu, ambaye alishaanza safari ya kuja dirishani. "Nimesoma kanuni maisha yangu yote, Profesa, usinifundishe kazi. Mimi nina zamu, shemeji yako ana kiti. Mimi nataka kiti, yeye anataka zamu. Tumepatana kwa hiari yetu, watu wazima wawili. Wewe wa tatu unatokea wapi?"

Hata Matairi alicheka, na kicheko kile kilimponyoka. Daktari wa meno akageuza saa yake ya mchanga. "Zamu ni ya Kibubu. Fumbua mdomo."

Nikaenda mezani. Nilikuwa nimeandaa hotuba, hotuba nzuri, yenye mifano. Yote iliniruka. Nikafungua mfuko wangu, nikaumimina pale pale juu ya waraka wa Afisa.

"Hivi nimeviweka tangu Mjomba afariki," nikasema. "Mliniita Kibubu, mkacheka, sawa. Wiki mbili zilizopita hivi vingenunua jioni nzima ya maneno. Leo havinunui hata kikohozi. Nani ameniibia? Mwoneni mwizi huyo hapa. Hayupo! Kila mmoja wenu alipewa zawadi tu. Mmechangamshwa. Na nyinyi wenyewe, niambieni, mmetajirika? Nani kati yenu leo amesema neno moja zaidi ya alilokuwa akisema zamani? Waliosema ni wawili, na ni wale waliopewa kwanza. Kurasa ngapi mmeandika kuhusu jambo hili hili, nikawasahihishia koma? Na likawapitia miguuni hamkuliona, kwa kuwa lilikuja kwenye mfuko wenu!"

Nikamwonyesha Afisa kwa kidole.

"Sasa huyu bwana anataka tukamfanyie mwoka mkate kile tulichofanyiwa sisi. Tumpangie. Tumwambie unga wako umenunua kwa bei gani haituhusu, kuni zako hazituhusu, uza hivi. Na asipoweza atafanya nini? Ataujaza mkate hewa, au atafunga tanuri. Na sisi tutakuwa ukumbini, kwenye viti vya sponji. Mimi kiti nimeshauza leo, sina haja na kingine. Muhuri huu ni wa Mjomba. Anayetaka kuupiga kwenye waraka huu aupige, lakini aupige akinitazama usoni."

Sikumtazama Dada, nilishindwa. Nikamgeukia Profesa, maana lilikuwa limebaki swali moja na lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ile ya makofi.

"Na utuambie, shemeji. Kiwanda kilifungwa kabla ya watoto wako kuzaliwa. Vifungo hivi umevitoa wapi?"

"Nimeshasema. Msamaria."

"Jina lake?"

"Hataki kutajwa."

Benchi la wageni likalia. Dada alikuwa amesimama. Kifungo kimoja kilikuwa kimebingirika hadi kwake, naye alikuwa amekiokota, anakigeuza, anakigeuza.

"Mgeni hana zamu," akasema Profesa haraka. "Mke wangu, kaa."

"Hiki cha Mjomba," akasema Dada. Alikuwa anaongea na kile kifungo, si na sisi. "Mjomba alinipa gunia. Akaniambia, dada mtu, weka chini ya kitanda chako, usimwambie mdogo wako, huyu ni mwanachama, atavitamani. Akasema hivi vikitoka, vile vya kule juu vinakufa. Sikuelewa. Nilimwahidi tu. Nikalishona lile gunia kwa uzi mwekundu kwa mkono wangu." Ndipo akainua uso, akamtazama mumewe. "Ulikuwa unafagia, eti?"

Profesa akaanza kuokota vifungo vilivyomwagika mezani.

"Mama, samahani," Afisa Biashara akajaribu, "kwa utaratibu wa kikao, kama alivyosema mwenyekiti, huna zamu..."

"Zamu?" Dada akageuka. Sijui ile sauti aliitoa wapi. Nadhani ni ile ile aliyokuwa akinifokea nayo utotoni, imekaa tu kabatini miaka yote. "Si mmesema hapa maneno yananunuliwa kwa vifungo? Vya huyu vya kwangu. Vya huyu wa miwani vya kwangu. Mifuko yote hiyo ya kwangu. Basi tajiri wenu ni mimi! Nitasema mpaka nichoke, na wewe utakaa na faili lako."

Afisa akakaa.

Lakini Dada hakusema mengi. Alisema muhuri wa Mjomba usiguswe, na kila mtu arudishe alichogawiwa. Akafungua mkoba wake akauweka wazi mezani. Wa kwanza kurudisha alikuwa Daktari wa meno. Kisha wakaja wengine mmoja mmoja, macho chini, kama watu wanaotoa rambirambi. Mkoba ukajaa, wakaanza kutia kwenye mfuko wangu mtupu; vyangu Daktari aliniwekea kando. Matairi alirudisha vyake vilivyokuwa mtungini, akahesabu kwa sauti ili aonekane mwaminifu.

Daktari akapigisha kura ya mikono. Waraka ukakataliwa. Profesa hakuinua mkono huku wala kule. Afisa alifunga faili lake, akasema tutajuta, na Hakimu, akiwa dirishani kwenye kiti changu, na upepo unampepea, akamwambia apunguze kelele kwenye ngazi, chini kuna vioo.

Nilimsindikiza Dada hadi kwake. Tulibeba pamoja, yeye mkoba, mimi mfuko. Halmashauri ingeweza kupanga bei bila sisi, nilijua, na baadaye ilipanga. Lakini haikupata muhuri wetu. Nilitembea nikiwa mwepesi na mwenye huzuni, vyote kwa pamoja, na sikumwomba mtu radhi.

Mlangoni Dada akaingia. Mimi nikabaki nje. Akafika katikati ya sebule, akageuka.

"Unangoja nini?"

"Ulisema nisikanyage kizingiti."

"Nilisema."

"Na nimesimama mbele za watu. Nimemwaibisha."

"Umemwaibisha sana." Akautua mkoba. Alikuwa amechoka, nikaona mvi zake ambazo sikuwa nimeziona. "Ile bei ya kizingiti niliipanga mimi, nikiwa nimekaa hapa hapa, sijui kinachoendelea kule juu. Ingia ndani, mtoto wewe, kabla sijakuletea yule Daktari apige mnada."

Nikaingia.

Profesa alikuwa ametutangulia. Alikaa pembeni ya kochi, koti hajavua.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji," nikasema.

Dada hakukaa. Alikwenda chumbani, akarudi na gunia tupu, mdomo umekatwa kwa wembe. Akamimina vifungo vyote humo, akaliweka gunia kwenye mapaja ya mumewe. Kisha akatoa sindano, akatunga uzi mwekundu, akampa.

"Mimi sijui kushona," akasema Profesa.

"Utajifunza. Wewe si msomi?"

Akaanza. Alijidunga, akanyonya kidole, akaendelea. Tulimtazama bila kumsaidia. Alipofika mwisho akakata uzi kwa meno na kumpa Dada gunia. Dada akaupima mshono kwa kucha, akauvuta mara moja tu, na wote ukafumuka.

"Rudia," akasema.

Profesa akainama juu ya gunia, akaanza upya.